Theluji ya kijivu na nyuso zisizoonekana: je, tatizo ni kamera?

Swali: «Huu ni mwaka wa 3 tunaishi Munich, mimi, mume wangu na watoto wetu wawili wa miaka 5 na 9. Kila likizo tunajitahidi kuwatembeza watoto, na mpiga picha wa familia ni mimi, kwa simu. Mwezi Januari tulipanda mlima Zugspitze pamoja na familia ya jirani yetu Mjerumani. Picha zimenisikitisha. Theluji imetoka ya kijivu kama saruji, majirani wanaonekana vizuri, lakini sisi ni vivuli vitupu, watoto hawana hata macho. Nilipomtumia mama yangu, alinipigia kuuliza kama wajukuu zake wanaumwa. Nikajaribu programu ya kung'arisha sura, wakatoka kama waliopakwa unga. Mume wangu anasema tununue kamera ya euro 1,500 kabla ya safari yetu ya Roma wakati wa Pasaka. Tena ananisihi niache kupiga picha mbele za watu, kwa sababu kuna mama alinikemea kwenye uwanja wa michezo ya watoto akisema kwamba Ujerumani ni kosa kumpiga mtu picha. Je, shida ni simu, ni mimi, au ni ngozi zetu? Na huyo mama alikuwa sahihi?»

Jibu:

Dada yangu, ngozi zenu hazina shida yoyote, simu yako si mbovu, na wewe hukukosea isipokuwa kwa jambo moja, nalo ni kuiachia simu iamue jambo ambalo haina uwezo wa kulijua. Maswali yako ni mengi, lakini karibu yote yanarudi kwenye jambo hilo, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda kabla sijafika kwa shemeji na kamera yake ya euro 1,500.

Picha uliyoniambatishia, ile ya mtoto mdogo mwenye kofia nyekundu, niliifungua kwenye kompyuta na kuipandisha mwanga sehemu za giza peke yake, polepole. Yakaanza kutokea macho, kisha meno, maana kumbe alikuwa akicheka, na mwishowe punje mbili za theluji zilizonasa kwenye nyusi ya kushoto. Yote hayo yalikuwamo ndani ya picha tangu mwanzo. Ila yalikuja pamoja na chengachenga za kijani na zambarau mashavuni, kwa sababu mwanga uliorekodiwa usoni ulikuwa kidogo mno. Uso wa mwanao haukukosa mwanga pale mlimani; ulinyimwa nafasi ndani ya picha.

Aliyemnyima ni kipimo cha mwanga cha simu. Kamera yoyote, ya bei yoyote, inapopima mwanga kwa njia yake ya msingi haijui kwamba hii ni theluji, hiki ni kisogo cha mtu na lile ni koti jeusi. Hupokea mwanga uliorudishwa na vitu vilivyo mbele yake, ikachukua wastani, kisha ikadhani kwamba wastani huo ni wa rangi ya kijivu cha kati, ambacho kwa desturi ya fani yetu huhesabiwa kuwa hurudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kwa mtaa wa kawaida wenye miti, lami na kuta, dhana hiyo hufanya kazi vizuri sana. Theluji mpya, hata hivyo, hurudisha asilimia 80 na zaidi. Kamera inapoona weupe umejaa fremu nzima huhisi kwamba mwanga umezidi, basi huupunguza mpaka theluji ishuke kwenye kijivu chake inachokizoea. Ndiyo saruji uliyoiona.

Sasa fuata hesabu kidogo. Wapiga picha hupima mwanga kwa hatua, na kila hatua ni kuzidisha au kugawa kwa mbili. Kutoka 18 hadi 80 ni zaidi kidogo ya mara nne, yaani hatua mbili. Kamera ilipoishusha theluji hatua mbili, haikuishusha peke yake. Ilishusha kila kilichokuwa mbele ya lenzi. Uso mweupe wa jirani yako, ambao kwa kawaida hukaa juu kidogo ya kijivu cha kati, ulishuka hadi chini yake kidogo, na jicho la mtazamaji likauvumilia. Uso wa mwanao, ambao kwa haki yake hukaa chini ya kijivu cha kati, ulishuka hatua mbili zaidi, ukaingia katika eneo ambalo picha haitofautishi tena nywele na kofia. Kosa ni lilelile kwa familia zote mbili, ila ninyi mlianza karibu zaidi na ukingo.

Nisingependa uelewe kwamba ni hesabu tupu isiyo na mkono wa binadamu. Enzi za filamu, maabara za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kama kadi ya Shirley, na kwa miongo kadhaa ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha kuwa sahihi. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea miaka ya 1990. Hata katika simu, mwaka 2021 ndipo Google ilipotoa Pixel 6 ikitangaza waziwazi kwamba imerekebisha programu yake ya kamera kwa ajili ya ngozi nyeusi. Hali imekuwa nzuri kuliko zamani, na simu nyingi za leo hutafuta nyuso na kuzipima peke yake. Lakini mtoto aliyefunikwa kofia hadi nyusi, miwani ya theluji na skafu hadi puani amebakiza uso gani wa kutafutwa?

Dawa yake ni ya bure na inachukua muda mfupi kuliko kuvua glavu. Gusa uso wa mtoto kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole hadi simu ikubali kufunga kipimo, kisha buruta juu ile alama ndogo ya jua inayojitokeza pembeni. Kwenye kamera kamili, tafuta kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, uongeze hatua moja na nusu. Sisemi mbili kamili, ingawa hesabu ndiyo inayotaka mbili, kwa sababu theluji ikipandishwa hadi mwisho hupoteza mikunjo na nyayo zake, ikabaki karatasi tupu. Ukilazimika kuchagua kati ya anga na uso, chagua uso. Anga likiungua, liungue. Hapa wataalamu wenzangu wengi wa picha za mandhari hawatakubaliana nami, lakini bibi wa watoto hakupiga simu kuulizia mawingu.

Baada ya kipimo, jambo la pili ni mahali unapowasimamisha. Munich, mwezi Desemba, jua la adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 18 hivi juu ya upeo wa macho, wakati mwezi Juni hufika nyuzi 65. Jua la chini namna hiyo humpiga mtu usoni kama taa ya gari. Ukiwaelekeza watoto kwenye jua watakunja nyuso na kufumba macho, na ukiwaacha walipo mwanga utawajia ubavuni na kuikata sura nusu kwa nusu. Kwenye theluji fanya kinyume cha ule ushauri wa zamani wa jua kuwa mgongoni mwa mpiga picha: watoto wenyewe ndio walipe jua mgongo, kwa mshazari kidogo, waitazame theluji iliyo wazi mbele yao. Uwanda ule mweupe hugeuka taa kubwa laini inayomulika kutoka chini na mbele, ikajaza vivuli vya macho na kidevu. Pandisha kipimo kama nilivyoeleza, na utaona ngozi inang'aa kwa namna ambayo hakuna programu inayoweza kuiigiza.

Ngozi nyeusi, ujue, haipendezi kwa wingi wa mwanga bali kwa umbo la mwanga. Sehemu kubwa ya uzuri wake katika picha ni ule mng'ao unaoakisiwa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, na mng'ao huo huwa laini pale chanzo cha mwanga kinapokuwa kipana: dirisha kubwa, ukuta mweupe, anga la mawingu, uwanda wa theluji. Flashi ya simu, ambayo ni kitaa kidogo kama punje ya mahindi, hutoa kidoa kimoja kikali na kuacha kila kitu kingine gizani, izime. Na kwa kuwa majira ya baridi hewa ya nyumba zenye kupashwa joto hukausha ngozi, wapakeni watoto mafuta usoni kabla ya kutoka. Ngozi iliyopauka haina cha kuakisi, na hakuna lenzi itakayokurudishia.

Tatizo la kupiga picha pamoja na majirani ni gumu zaidi, nami sitakudanganya kwamba lina suluhisho moja. Kati ya ngozi nyeupe sana na nyeusi sana kunaweza kuwa na tofauti ya hatua mbili katika fremu moja. Njia ninayoitumia ni kuwapanga watu kwa kuufuata mwanga badala ya kimo: wenye ngozi nyeusi husogea upande ulio karibu na dirisha au theluji iliyo wazi, wenye ngozi nyeupe hukaa upande wa mbali, hata ikiwa ni hatua mbili tu za miguu. Kisha pima kwenye uso mweusi zaidi, na uangalie tu kwamba paji la uso la jirani halijageuka doa jeupe. Mkipiga picha kwenye kivuli kamili cha jengo, bila mtu hata mmoja kuguswa na jua, nusu ya ugumu huo hutoweka yenyewe, ingawa kivuli cha siku yenye anga safi kina ubuluu, na itabidi uchague hali ya kivuli kwenye mizani ya rangi, yaani mpangilio wa kamera unaosawazisha rangi ya mwanga, ili nyuso zisionekane kama zina baridi kuliko zilivyo.

Kuhusu programu ya kung'arisha sura, ifute. Programu hizo hazirudishi mwanga uliokosekana. Hubadilisha rangi ya ngozi na kulainisha vinyweleo, ndiyo maana watoto walitoka kama waliopakwa unga. Shabaha yetu ni weusi wao uonekane vizuri, wenye kina na wenye macho, na si kuupunguza. Katika kuhariri gusa kitelezi cha vivuli peke yake, kwa kiasi, uache kile cha mwangaza wa jumla. Simu yako ikiwa na uwezo wa kuhifadhi faili ghafi, zile zinazoandikwa RAW kwenye menyu, ziwashe siku za safari. Ni nzito, lakini hubeba habari nyingi zaidi kwenye giza, na picha ya kofia nyekundu ingeokoka nayo.

Sasa shemeji. Kamera ya euro 1,500 ikiwekwa kwenye hali ya kujiendesha yenyewe juu ya Zugspitze ina kila nafasi ya kukupa theluji ya saruji vilevile, kwa sababu kipimo chake hukisia kwa wastani uleule. Itakuwa saruji yenye ubora wa juu. Hata hivyo hoja yake si ya kutupwa. Kihisi cha picha cha kamera ya fremu kamili ni cha milimita 36 kwa 24, kikubwa mara nyingi kuliko cha simu, na ukubwa huo ndio unaopunguza zile chengachenga unapokuwa ndani ya kanisa au mtaani usiku. Linalosahaulika ni lenzi. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ikivutwa mwisho, mara nyingi hufunguka hadi f/5.6 tu (namba hiyo ikiwa ndogo, tundu la kuingizia mwanga ni kubwa), ilhali lenzi isiyovutika ya f/1.8 huingiza karibu mara 10 ya mwanga huo. Kwa hiyo mwili wa kamera wa zamani kidogo wenye lenzi nzuri humshinda mpya wenye lenzi ya kifurushi, na kwa watoto wanaokimbia, ambao wanahitaji kasi ya kupiga picha ya angalau 1/250 ya sekunde, tofauti hiyo huonekana mara moja.

Kama mngeniuliza mezani, ningesema nendeni Roma na simu. Ukiona umeshajua kuongoza mwanga na bado unakwazwa na giza la ndani, basi mnunue kamera iliyotumika, dukani na si kwa mtu binafsi, kwa sababu katika sheria ya Ujerumani muuzaji wa kibiashara hawezi kupunguza dhamana yake ya kisheria kwa kitu kilichotumika ikawa chini ya mwaka 1 kwa mnunuzi wa kawaida.

Mkifika Roma msihangaike kutoa simu ndani ya kanisa dogo la Sistine, maana huko picha zimekatazwa kabisa. Tumieni jioni. Karibu na ikweta jua huanguka wima, na kutoka nyuzi 6 juu ya upeo hadi kuzama huchukua dakika 25 hivi; Ulaya hushuka kwa mshazari, na Munich mwezi Juni safari hiyohiyo huchukua karibu dakika 45. Ule mwanga wa dhahabu ambao wengi wetu tumezoea kuukimbilia, huku unatosha kumaliza aiskrimu, kumbembeleza mtoto aliyenuna na bado ukapata picha.

Baridi nayo ina yake. Betri za lithiamu hupoteza nguvu kwenye baridi kali na kurudi zikipata joto. Simu ikizimika mlimani ikiwa na asilimia 40, iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, usidhani imekufa. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliingia mkahawani na kamera iliyotoka kwenye theluji, nikaitoa mezani kwa fahari, na kabla chai haijafika lenzi ilikuwa imejaa umande hadi ndani. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, na uiache humo saa moja au mbili mpaka ilingane na joto la chumba.

Tuje kwa yule mama wa uwanja wa michezo. Alikuwa na nusu ya ukweli. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1907 kuhusu haki ya mtu juu ya picha yake, katika kifungu cha 22, inahitaji ridhaa ya mhusika ili picha yake isambazwe au ioneshwe hadharani. Kifungu cha 23 kinasamehe, miongoni mwa mengine, watu wanaotokea tu kama sehemu ya mandhari. Kwa hiyo kumpiga mwanao mbele ya jengo la kale huku wapita njia wakionekana nyuma si kosa. Lakini kumlenga mtu asiyetaka, hata bila kusambaza, kunaweza kuhesabiwa kuingilia haki zake za utu, na kupiga picha za watu ndani ya nyumba zao au vyumba vya kubadilishia nguo kunaweza kuwa jinai. Kanuni ya Ulaya ya ulinzi wa data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, haigusi mambo ya binafsi na ya nyumbani. Albamu yako imo humo, lakini ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima hauko tena nyumbani.

Uwanja wa michezo ya watoto ndio mahali pa kuwa mwangalifu kuliko pote, na hofu ya wazazi pale ni halali. Inama, mkaribie mwanao, mpige kwa namna ambayo nyuma yake ni ukuta au miti. Mtoto wa mwingine akiingia kwenye fremu na mzazi wake akalalamika, mwoneshe picha na uifute mbele yake bila ubishi. Mwambie shemeji kwamba hakuna haja ya kuacha kupiga picha. Kuna haja ya kuchagua pembe.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Ukipokea barua ya mwanasheria inayodai kwamba ulichapisha picha ya mtu au ulitumia picha ya mwingine, yenye muda wa kujibu na karatasi ya kutia sahihi, usitie sahihi wala usiinyamazie. Mwone mwanasheria kabla muda haujaisha. Kadi ya kumbukumbu ikikataa kufunguka, acha kuitumia papo hapo na uipeleke kwa fundi wa kurejesha data, kwa sababu kila picha mpya inaweza kuandikwa juu ya ya zamani. Na kama mkono unataka kuongozwa, tafuta darasa la jioni la upigaji picha katika Volkshochschule, yaani kituo cha elimu ya watu wazima, ya mji wenu. Muda wa saa mbili na mwalimu anayeangalia kidole chako kinagusa wapi utakupa mengi kuliko kurasa zangu zote.

Kabla ya Roma, jaribu hili nyumbani Jumamosi moja. Msimamishe mtoto mkubwa karibu na dirisha, mpige picha tatu: ya kwanza simu ikiamua yenyewe, ya pili ukiwa umegusa uso wake, ya tatu ukiwa umepandisha ile alama ya jua robo ya njia. Ziweke pamoja, uchague. Utakayoichagua mtumie mama yako kama hati badala ya picha ya kawaida, au uwashe chaguo la HD, kwa sababu WhatsApp huibana picha inayotumwa kwa njia ya kawaida, na sehemu za giza ndizo huharibika upesi. Mpe na salamu zangu, umwambie wajukuu wazima.